Kompyuta Chini ya Kitanda cha Baba

Katika miaka ya tisini nilifundisha taipu katika chuo kidogo cha Likoni, ghorofa ya juu ya duka la mbao na misumari. Tulikuwa walimu wawili tu. Mimi nilikuwa mzaliwa wa hapo hapo, na nyumba yetu na shamba la minazi la baba havikuwa mbali na chuo. Mwenzangu alikuwa mtu wa bara. Alikuja Mombasa kwa kazi ya ofisi huko Changamwe, na ofisi ile ilipofungwa aliruhusiwa kuondoka na kompyuta aliyokuwa akiitumia. Akavuka nayo Likoni, akapanga chumba yeye na mkewe na mtoto wao, akaanza kufundisha nayo. Mkewe alifungua kibanda cha kushona nguo kando ya barabara.

Tuliitana mwalimu, yeye kwangu na mimi kwake, hata tukiwa peke yetu. Alikuwa mtu wa taratibu, mrefu, mwenye mazoea ya kufuta kioo cha kompyuta kwa kitambaa kabla ya kuiwasha. Kiswahili chake kilinikera mwanzoni. Alisema mashine "iko na shida", nami nikimsahihisha, "ina shida", akarudia vizuri kama mwanafunzi, na baada ya muda si mrefu nikamsikia tena, iko na, iko na. Mwishowe nikazoea.

Wasichana wetu wengi walikuwa wamemaliza shule kwa taabu, na vitabu vya kompyuta vilivyokuwapo vilikuwa vya Kiingereza kigumu. Walikariri tu. Ukimuuliza mmoja wao diski ni nini atakujibu kwa sentensi nzima ya kitabu, na ukimwambia akuoneshe hiyo diski anabaki kutazama kioo. Mwenzangu ndiye aliyesema kwanza, "Mwalimu, tuandike masomo yetu. Ya Kiswahili."

Nikamwambia Kiswahili chake hakitoshi kuandikia kitu. Akacheka, akasema ndiyo sababu anataka tuwe wawili.

Basi jioni, wanafunzi wakishaondoka, tulikuwa tukikaa mbele ya mashine yake. Yeye anaeleza, mimi nauliza mpaka nielewe, kisha naandika. Tulibishana sana juu ya maneno. Kompyuta inapowashwa na kujitayarisha kwa kazi, yeye alitaka tuseme inabuti. Nikasema hapana, inaamka. Diski kubwa iliyomo ndani, inayohifadhi kazi zote, nikaiita ghala. Ule mwanya wa kutilia flopi, zile diski nyembamba za kubeba mkononi, tukauita mlango A, na ghala likawa mlango C. Kile kistari kinachowaka na kuzimika kwenye kioo nikakiita kikonyezo, na wasichana walipolisikia neno hilo darasani walicheka hata somo likasimama. Lakini hapana aliyelisahau.

Kisha ukaja ule mwaka wa vurugu. Sitausimulia wote, waliokuwapo wanaujua. Zilipita karatasi za kuwataka watu wa bara waondoke, ukafuata usiku wa milio ya bunduki, na kulipokucha vibanda vingi vilikuwa majivu, na kibanda cha mkewe kilikuwa kimojawapo. Mwenzangu alivuka feri na familia yake asubuhi ile na mfuko mmoja wa nguo. Walilala katika uwanja wa kanisa huko ng'ambo pamoja na watu wengine wengi, kisha wakapanda basi wakarudi kwao. Hatukuagana.

Mwenye chuo alipoamua kufunga, aliniita nichukue vilivyo vyangu. Nikamwambia nitachukua na kompyuta ya mwalimu nimwekee. Baba akaja na mkokoteni. Tuliifunika kwa magunia tukaisukuma kwenye njia ya mawe hadi nyumbani, na baba hakuuliza ni ya nani, alijua. Aliiingiza chini ya kitanda chake mwenyewe, kitanda cha zamani chenye miguu mirefu, akasema hapo hakuna atakayeifikia. Ikakaa humo miezi mingi, imezongwa leso na nailoni, na hewa ya chumvi ikiifuata humo humo.

Siku moja nilishikwa na hofu kwamba imeharibika, nikaitoa nikaiwasha. Ilihesabu kumbukumbu zake kama kawaida, kisha ikatoa mlio mmoja na kusimama. Kioo kilikuwa na maandishi ya kusema kwamba mipangilio yake imepotea, nibonyeze kitufe niirekebishe. Nikabonyeza. Ukurasa wa buluu ukafunguka, ukurasa ambao mwenzangu hakuwa akiruhusu mtu kuugusa. Tarehe ilionesha mwanzo wa mwaka wa themanini. Mahali pa ghala paliandikwa kwamba hakuna kitu. Masomo yetu yote yalikuwa ndani ya ghala hilo, na mashine yenyewe ilikuwa ikiniambia ghala halipo. Nikaizima, nikaifunga tena kwenye leso. Nakumbuka nilikaa sakafuni kwa muda mkono wangu ukiwa juu yake.

Haukupita muda mrefu mwenzangu akapiga simu katika duka la jirani yetu. Nikaitwa mbio.

"Mwalimu, habari za huko?"

"Njema. Za nyumbani? Mkeo, mtoto?"

"Wako sawa. Ile mashine. Ilichomwa?"

"Iko nyumbani kwetu. Lakini haiamki. Inasema haina ghala."

Nilimsikia akipumua. Akaniambia amepata kazi katika shule moja kwao, wanafunzi wake wana shida ile ile ya wasichana wetu, na anayataka yale masomo. Nikamwambia nami nayataka. "Usiiguse tena," akasema. "Nitakuja."

Alikuja siku ya Jumamosi. Nilimngoja upande wetu wa kivuko, na watu walipomiminika kutoka kwenye feri sikumwona. Alishuka miongoni mwa wa mwisho, ameshika begi dogo kifuani, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekonda.

"Mwalimu," alisema.

"Mwalimu. Karibu."

Tukapanda kilima. Mwenye duka la mbao alitoka nje kumpa mkono, akaushika muda mrefu kupita kiasi. "Umerudi?" akamuuliza.

"Nimekuja kutembea tu," mwenzangu akajibu.

Tulipofika pale palipokuwa na kibanda cha mkewe, palikuwa na mama aliyepanga mafungu ya nyanya juu ya gunia. Hakuwa mtu tunayemjua. Mwenzangu alisimama, akatazama ardhi chini ya lile gunia, kisha tukaendelea.

Baba alikuwa ameketi kizingitini, anasokota kamba ya makumbi ya nazi. Haikuwa desturi yake. Jumamosi yeye huwa shambani tangu asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa safari. Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo."

"Alhamdulillahi. Ingia. Hapa ni kwenu."

Mwenzangu aliinamisha kichwa, akavua viatu, akaingia. Baba alibaki pale pale kizingitini. Watu wawili watatu walipita barabarani siku ile wakasimama kuuliza mgeni ni nani, na kila mara nilimsikia baba akijibu kwa sauti ya kawaida, "Mwalimu, mwenzake binti yangu," kisha akaendelea kusokota kamba yake.

Tuliweka kompyuta juu ya meza ya kulia chakula. Mwenzangu alitoa kitambaa mfukoni akafuta kioo kwanza. Halafu akatoa bisibisi, akafungua sanduku, na harufu ya kutu ikatupanda puani. Aliangaza kwa tochi akanionesha kibetri kidogo, mfano wa pipa, kilichochomelewa kwenye ubao wa ndani. Kilikuwa kimepasuka na kumwaga uchafu wa kijani.

"Hii ndiyo inaikumbusha," alisema. "Ikikufa, kila ukizima mashine inasahau tarehe, inasahau iko na ghala."

"Ina ghala."

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu kidogo. "Ina ghala," akarudia.

Alisugua ule uchafu kwa mswaki aliouchovya kwenye spiriti, taratibu, akipuliza kila mara. Kisha akafuata ule waya mpana, bapa kama utepe, unaounganisha ghala na ubao, akakuta upande mmoja umeinuka. Nikamwambia ni mkokoteni na yale mawe. Akaukandamiza kwa vidole gumba viwili mpaka ukakaa. "Hii peke yake ingetosha kufanya isione ghala," alisema. "Tuombe ni hii na betri tu."

Alipoiwasha aliingia katika ule ukurasa wa buluu, akaweka tarehe, kisha akaiamuru mashine itafute yenyewe ghala lake. Ilikaa kimya, taa ikimulika, halafu ikaleta safu tatu za tarakimu. Nikamuuliza ni nini.

"Imeliona. Lakini kuna njia tatu za kulisoma, na inataka sisi tuchague moja."

Akachagua ya kwanza. Mashine ikaanza upya, ikahesabu, ikafika mwisho, ikaandika kwamba haikuona mfumo wa kuiendesha.

Alitoa kwenye begi flopi aliyokuja nayo, ya kuamshia, akaitia mlango A. Mashine ikatafuta mlango A kwanza kama ilivyopangwa, ikaamka kwa ile flopi, na kikonyezo kikatokea. Kutoka hapo akaiomba imwoneshe kilichomo mlango C. Kioo kikajaa herufi za ajabu na vialama, na katikati yake nikaona kipande cha jina la somo letu moja, kimekatika.

"Yameharibika," nilisema.

"Bado. Usiguse kitu." Alisema kwa ukali kidogo, kisha akashusha sauti. "Samahani. Ghala limepangwa kwa hesabu moja, na sisi tunalisoma kwa hesabu nyingine. Hapo hakuna kilichoharibika. Lakini tukiandika hata herufi moja humo sasa hivi, ndiyo tutaharibu."

"Sasa hesabu yenyewe ni ipi?"

"Sijui. Ilipangwa na fundi wa ofisi kabla nipewe. Mimi sikuwahi kuuliza."

Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Akaitoa flopi, akarudi kwenye ukurasa wa buluu, akachagua njia ya pili. Kioo kikabaki cheusi, hata maandishi ya kulalamika hayakutokea. Akaizima akaiwasha, na kwa kuwa betri ilikuwa imekufa ikabidi aanze tena na tarehe, na kutafuta ghala, na zile safu tatu. Akafika kwenye ile ya tatu, akaweka kidole juu ya kitufe asikibonyeze. Akafumba macho, nadhani alikuwa akiomba. Nami nikasoma moyoni dua niliyoijua. Akabonyeza.

Ghala likakoroma ndani, sauti niliyokuwa nimeisahau, kama mtu anayekuna mchanga kwa kijiti. Ikaamka.

Tukafungua somo la kwanza. Alilisoma kwa sauti, pole pole, maneno yangu kwa lafudhi yake: "Kompyuta ikiamka itakuonesha kikonyezo. Usiogope. Inakungoja wewe." Akasita hapo, akafuta miwani yake, na alipoivaa alisema tusipoteze wakati, tunakili. Akaniambia pia tusiizime mpaka tumalize.

Tulikuwa kwenye flopi ya pili umeme ulipokatika. Feni ya ndani ya mashine ilipunguza mwendo ikanyamaza, na kioo kikajikunja hadi nukta moja nyeupe, nayo ikazimika. Likoni umeme ulikuwa ukikatika utakavyo. Nilimletea chakula, wali na mchuzi wa samaki niliopika asubuhi, akala kidogo, akanawa, akashukuru.

"Mwalimu," alisema.

"Abee."

"Zile karatasi."

"Wewe ndiye uliyeniambia habari zake. Kule chuoni."

"Hilo nakumbuka. Nauliza juu ya ule usiku wenyewe." Alikuwa akitazama kioo kilichozimika. "Ulijua?"

Nilikuwa nimengoja swali hilo tangu aliposhuka kwenye feri, na hata hivyo lilinipata kama sikulingoja.

"Sikujua. Wallahi sikujua."

"Ungejua ungeniambia?"

"Ningekuja mwenyewe hadi mlangoni kwenu."

Akatikisa kichwa taratibu, sikuweza kujua kwa kukubali au kwa kitu kingine. "Mke wangu anasema kila mtu wa hapa alijua. Anasema hata wale waliomletea vitambaa vya kushona wiki ile walijua, na walichukua nguo zao mapema."

"Nawe wasemaje?"

Nje nilisikia kamba ya baba ikisuguana na paja lake, kisha ikasimama.

"Mimi nimekuja," akasema.

Nilitamani kumwambia kwamba baba hakulala usiku ule, kwamba alikaa macho na panga mapajani asijue anamlinda nani dhidi ya nani. Lakini nilipolipima jambo hilo niliona linamhusu baba, halimpunguzii yeye kitu. Yeye alikuwa amepoteza chumba, na kibanda, na mtaa aliokuwa akisalimiwa kila hatua. Sisi tulikuwa bado tunakaa katika nyumba yetu. Nikakusanya sahani nikazipeleka uani.

Umeme uliporudi alinisogezea kiti chake. "Keti wewe," alisema. "Mimi nitaondoka, na hii mashine itakuwa inakuuliza wewe."

"Lakini ni yako."

"Nitaibeba vipi kwenye basi? Wacha ibaki. Ilibaki siku zote hizo na haikupotea."

Nikakaa. Nikaingia kwenye ukurasa wa buluu, nikaweka tarehe ya siku ile, nikaiamuru itafute ghala. Safu tatu zikaja. Yeye alisimama nyuma yangu amefunga mikono, hakuninong'oneza. Nikachagua ya tatu. Nikahifadhi, mashine ikaanza upya, ghala likakoroma. Nikamsikia akisema, "Vizuri, mwalimu," kwa sauti ile ile aliyowaambia wasichana darasani.

Tulimaliza kunakili alasiri. Tulitengeneza seti mbili, yake na yangu, tukajaribu kila flopi kuona kama inasomeka. Aliomba kalamu akaandika majina ya masomo kwenye vibandiko, majina yetu ya Kiswahili, kwa mwandiko wake wa kulala. Neno moja alilikosea. Nikaliona, nikaliacha.

Baba alisema atamsindikiza. Nami nilitaka kwenda, lakini baba alinitazama nikaelewa kwamba safari hii anaitaka yeye. Waliondoka wakitembea bega kwa bega, mwenzangu na begi lake kifuani, baba amevaa kofia yake ya kitambaa, ile ya Ijumaa. Waliyozungumza sikuambiwa. Baba aliporudi aliswali, akakaa, akasema tu, "Amevuka salama."

Mwaka uliofuata nilipata kazi Kisauni, katika chuo kilichokuwa Magogoni, nikahama na ile mashine. Betri mpya sikupata mtu wa kuichomelea vizuri, kwa hivyo kila asubuhi ilikuwa lazima niielekeze upya kabla ya wanafunzi kuingia: tarehe, ghala, ile safu ya tatu. Baadaye niliwafundisha wanafunzi wafanye wenyewe kwa zamu. Walikuwa mchanganyiko, Waislamu na Wakristo, wa pwani na wa bara, na masomo yetu waliyasoma bila kujua yaliandikwa na nani. Niliwaambia tu kwamba tuliandika watu wawili.

Mwenzangu alinipigia simu mara chache, katika duka la jirani pale Magogoni. Aliniambia wanafunzi wake wa kule wanakicheka Kiswahili cha masomo, wanakiita Kiswahili cha msikitini, lakini wanaelewa. Aliniambia mkewe amepata cherehani nyingine. Nilimwomba amsalimie, akasema atamsalimia, na kila aliponipigia simu nilitumai ataniambia mkewe amerudisha salamu. Siku moja alisema, "Naye anakusalimu," haraka haraka, kama mtu anayeweka kitu mezani na kuondoka. Sikumwuliza kama ni kweli. Nilizipokea salamu hizo.

Mara ya mwisho ni mimi niliyepiga, baba alipofariki. Simu ilipokewa na mtoto wake, amekwisha kuwa na sauti nzito. Alizungumza nami kwanza kwa lugha ya kwao, kisha akabadilisha. Alisema baba yake yuko shuleni. Nikamwambia amwambie kwamba mzee wa Likoni ametangulia mbele ya haki. Akaniuliza ni mzee gani, kwa maana hakumkumbuka, na nikamweleza kadiri nilivyoweza katika simu ya kulipia: mzee aliyemsindikiza baba yako kwenye feri. Akasema, "Sawa, mama, nitamwambia. Pole sana."

Nilingoja siku nyingi. Huenda alipiga nikawa sipo. Lile duka la jirani lilikuwa na mambo mengi, na muuzaji wake hakuwa mtu wa kuandika salamu za watu. Huenda ujumbe haukufika. Baadaye ile nambari yake ikawa inaita bila kupokewa, nami nikaacha kupiga.